Utajuaje kama unabagua bila kukusudia?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama una ubaguzi wa rangi ilhali humchukii mtu. Chuki iweke pembeni kwanza. Wengi hawana chuki na bado wanabagua. Mwaka 2004 wachumi Bertrand na Mullainathan walichapisha jaribio lao la Boston na Chicago, Marekani: walituma maombi ya kazi yenye sifa zinazolingana, wakabadilisha majina tu. Yaliyokuwa na majina ya kizungu yalijibiwa kwa takriban asilimia 50 zaidi ya yale yenye majina ya Wamarekani Weusi. Sidhani kama waajiri wale wote walijiona wabaguzi.

Kwa hiyo jichunguze kwenye mambo madogo. Mtu wa rangi nyingine akikaa karibu nawe, mkono unakimbilia mkoba? Akikosea unasema "ndivyo walivyo", lakini wa kwenu akikosea unasema "leo amechoka"? Hapo ndipo pa kukaa sana. Na ukimsifu mtu wa rangi nyingine kwamba anajieleza vizuri, jiulize ulitarajia nini.

Kuna kipimo kiitwacho IAT, cha tangu 1998, kinachopima kasi yako ya kuoanisha sura na maneno mazuri au mabaya. Kijaribu ukipenda, ila majibu hubadilika ukirudia, usiyafanye hukumu.

Mimi naona hili linafaa zaidi: kabla ya kuamua, badilisha rangi ya mhusika kichwani, uone kama uamuzi unabaki uleule. Na ukiambiwa umemkwaza mtu, usikimbilie kutaja marafiki zako wa rangi zote. Muulize ni lipi hasa, kisha msikilize bila kumkatiza.