"Historic" na "historical": kijana, mgeni wako alikuwa sawa

Kijana mmoja anayeongoza watalii hapa Malindi ameniandikia: "Kaka, nimeeleza kuhusu Nguzo ya Vasco da Gama, mgeni kanikatiza mbele ya wenzake, eti si 'historical', ni 'historic'. Kuna tofauti kweli?"

Ipo, tena kubwa, na mimi imeshaninyima kazi.

Miaka ya nyuma kampuni moja ya utalii ilinipa kipeperushi nikipitie. Kilisema ujio wa Vasco da Gama ulikuwa "a historical event". Nikakata, nikaandika "historic". Meneja akanitazama juu chini. "Wewe umesomea wapi Kiingereza hata utusahihishe?" Kikachapwa vilevile, na sikuitwa tena. Iliniuma, na bado inaniuma. Mwezi uliopita wamenipigia wenyewe wakitaka nipitie vipeperushi vyao vyote. Nimekubali, kwa bei yangu.

Ni hivi: "historical" ni chochote kinachohusu mambo ya kale, kiwe kikubwa au kidogo. Daftari la madeni la dukani kwa babu yako ni "a historical document", kwa sababu linatuonyesha watu walikopa nini na kwa bei gani. "Historic" ni jambo lenye uzito katika historia yenyewe. Da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, akapata rubani wa kumvusha hadi India, na Wareno wakaipata njia yao ya bahari. Ukiliita hilo "historical" hujavunja sarufi, maana ni la kale kweli, lakini umelishusha. Mwaka 2024 UNESCO ilipoiingiza Gedi kwenye orodha ya urithi wa dunia, ilitumia jina "The Historic Town and Archaeological Site of Gedi". Neno hilo halikuwekwa ovyo.

Filamu kuhusu safari ile ni "a historical film", hata ikikosa watazamaji. Ukisema "a historic film", umesema filamu yenyewe imeweka historia.

Wadogo zangu, sisi maneno ndiyo bidhaa yetu. Tukiridhika na Kiingereza cha kuokota ufukweni, wengine watakuja kutueleza mji wetu. Someni, ulizeni, someni tena! Na msiishie kwenye jozi hii: gari linalokula mafuta kidogo ni "economical", ila sera ya uchumi ni "economic". Mwenye jozi nyingine inayomsumbua aniandikie, nitajibu.