Isaka alikuwa na hema, mimi nina kihamba

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni kisa gani cha Biblia ulichowahi kukiishi, si kukisikia tu mahubirini?" Naona wengi watawajibu Ayubu, au Yusufu na ndugu zake. Mimi najibu Isaka. Si yule kijana aliyefungwa juu ya kuni katika Mwanzo 22, wala yule mzee asiyeona aliyedanganywa na mwanawe katika sura ya 27. Ni Isaka wa sura ya 26, Isaka wa visima, ambaye tangu nipate kipaimara sijamsikia akihubiriwa zaidi ya mara mbili tatu.

Nimeolewa Old Moshi, juu ya Kiboriloni, mwaka wa 27 huu. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, si kikubwa. Kina migomba, kahawa iliyozeeka, miparachichi mitatu, ng'ombe wawili bandani, na bustani ya mboga ambayo ndiyo ada, ndiyo chumvi, ndiyo sabuni. Mume wangu amelala humo humo, pembeni ya baba yake, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Asubuhi nikitoka kukamua, nampita.

Kwa msomaji asiyekaa mlimani nieleze kidogo mfongo. Ni mfereji ambao mababu waliuchimba kwa mikono kutoka mtoni, ukashuka taratibu ukifuata mwinuko wa ardhi, vihamba vingine juu, vingine chini, kila kimoja kikipata sehemu yake. Wazungu wa kwanza kufika Uchagani katika karne ya 19 waliikuta mifongo tayari inatiririka. Mfongo una banio lake, una mwenyekiti, una siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya kuuzibua, na una zamu. Zamu yangu ni Jumanne, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne.

Mwaka aliofariki mume wangu, mvua za vuli zilikataa. Jumanne moja nikaamka, nikaenda na jembe kufungua maji kwangu, nikakuta mfereji mkavu, tope limeanza kupasuka. Nikachukua tochi nikaupandisha. Nilifika mpaka kwa jirani wa juu, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, yaani shemeji yangu. Pale maji yanapogawanyika palikuwa na vigogo viwili vya mgomba, vibichi kabisa, utomvu bado unachuruzika. Katikati yake kimeshindiliwa kiroba cha udongo. Maji yote yalikuwa yanaingia kwake.

Nikavitoa. Wiki iliyofuata vimerudi. Nikamwita, akatoka hadi mpakani, akasimama nyuma ya masale, mimea tunayowekea mipaka, akaniambia maji haya yanapita kwake kwanza, na zamu ile ilikuwa ya marehemu kaka yake, si yangu. Sikulia pale. Nilikwenda kulia bandani kwa ng'ombe.

Tulikaa kikao cha wazee wa ukoo. Akakubali mbele yao, na mwezi haukuisha maji yakakatika tena. Miche yangu ya nyanya ilikauka kitaluni, yote, nikaing'oa kwa kiganja kama nywele za maiti. Nikaamua naenda baraza la kata.

Jumamosi ya wiki ile jumuiya yetu ilikuwa nyumbani kwangu, na somo likaangukia Mwanzo 26. Wakati wa njaa, Isaka anakaa Gerari kwa Wafilisti. Bwana amemkataza kushuka Misri. Anapanda, na mwaka ule ule anavuna mara mia. Kisha Wafilisti wanamwonea wivu, visima vya baba yake wamevijaza udongo, mfalme Abimeleki anamwambia aondoke. Anahamia bondeni, watumishi wake wanachimba, wanapata maji yanayobubujika, na wachungaji wa Gerari wanakuja kusema, "Maji haya ni yetu." Anakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi. Wanachimba cha pili, kinagombaniwa, anakiita Sitna, uadui, neno ambalo kwa Kiebrania lina shina moja na Shetani. Anahama tena, anachimba cha tatu, hakuna anayekuja kugombana. Hicho anakiita Rehobothi, kwa kuwa Bwana amewapa nafasi.

Mwinjilisti wetu, ambaye ni mtu mwema na alijua habari zangu, akafundisha kwamba Isaka hakugombana, Isaka aliondoka, nasi tujifunze kuacha. Watu wakaitikia amina wakiniangalia kwa huruma.

Nikasimama. Nikasema, "Mwinjilisti, Isaka alikuwa na hema. Mimi nina kaburi. Nihamie wapi?"

Hakuna aliyejibu. Mama mkwe wangu, amepita miaka 80, akakohoa tu.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo langu, kwa sababu naamini wajane wengi wa Moshi na Arusha wameshafundishwa somo hilo na wakaondoka nalo likiwachoma. Tunaambiwa tuache, tusamehe, tunyamaze, Mungu anaona. Mtu wa hema akiacha kisima, kesho anang'oa vigingi. Mtu wa kihamba akiacha maji, anabaki pale pale akiangalia migomba yake inavyonyauka, na anayemnyima anapita njiani kila siku akimsalimia. Sikukataa Neno. Nilikataa kusomewa nusu yake.

Usiku ule nikachukua Biblia ya mama mkwe nikasoma sura nzima, peke yangu, polepole. Nikaona mambo ambayo jumuiya iliyaruka. Kwanza, Isaka huyu si malaika. Mwanzoni mwa sura aliogopa kuuawa akawadanganya watu kwamba Rebeka ni dada yake. Kwa hiyo Mungu alitembea na mtu mwoga, kama mimi niliyekuwa naogopa kwenda kwa shemeji bila mtu wa kunisindikiza. Pili, ile mara mia tunayotajiwa kila inapohitajika sadaka ya mbegu. Hivi mbona hatusomewi mistari inayofuata? Baraka ile ndiyo iliyomletea wivu na visima kufukiwa. Tena fikirini, nchi kavu ile ya kusini, upande wa Gaza, mtu anafukia kisima! Hakitumii yeye, hakitumii mwenzake. Uchungu wa aina hiyo naujua kwa jina na sura.

Lakini kilichonikamata ni mstari wa 18. Kabla ya Eseki, kabla ya Sitna, Isaka alichimba tena visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu baba yake, akavipa majina yale yale aliyoyatoa baba yake. Hakuanza na kisima kipya. Alianza kwa kuzibua vya zamani.

Asubuhi nikamuuliza mama mkwe kama hapakuwa na njia nyingine ya maji. Akaniangalia kitambo. Kisha akaninyooshea mkono juu, kwenye mteremko wenye magugu, akasema kulikuwa na tawi la mfongo lililoshuka upande wa pili, halikupita kwa yule bwana hata kidogo, lilichimbwa na babu wa mume wangu na likaitwa kwa jina lake. Likaachwa vijana walipohamia mjini na kahawa ilipoacha kulipa. "Tuliliacha lizibe," akasema. "Hakuna aliyelifukia. Sisi wenyewe."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mfongo na kamati yake, wakapanda kuangalia, wakakubali. Ikawa Desemba, na mnajua Desemba kwetu, watoto wote wanarudi kutoka Dar, Mwanza, kokote waliko. Safari hii niliwapokea na sururu na sepetu. Wanangu wawili, binamu zao, na wanajumuiya wale wale walioitikia amina. Mwinjilisti alikuja siku ya kwanza kabisa, suruali imekunjwa hadi magotini, hakusema neno juu ya somo lake. Alichimba.

Kazi ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Udongo wa miaka mingi umeshuka na mvua ukajaa, mizizi imepita katikati, mahali pengine ukuta wa mawe umelala. Siku ya nne, chini ya tope jeusi, jembe la mwanangu likagonga jiwe, kisha jingine, kisha jingine, yamepangwa bega kwa bega, yamelainishwa na maji ya zamani. Sakafu ya babu. Akavua viatu akaingia akasimama juu yake, na wote tukanyamaza. Siku hiyo hiyo mchana akatokea kijana wa shemeji yangu na sururu begani. Hakuitwa. Hakuulizwa. Alipewa chai na kipande cha muhogo kama wengine.

Maji yalifika kwangu siku mbili kabla ya Krismasi, kwanza kama jasho, udongo unalowa tu, halafu yakaja mekundu yakisukuma majani makavu na vijiti mbele yake. Mama mkwe alibebewa kiti akakaa kando ya mfereji. Akalitamka jina la baba mkwe wake, jina la mfongo ule, kwa sauti.

Kama kisa kingeishia hapo ningekuwa na Rehobothi yangu, na wahubiri wengi huishia hapo. Sura haiishii hapo. Isaka anapanda Beer-sheba, Bwana anamtokea usiku ule ule, anamwambia asiogope. Kisha Abimeleki anakuja mwenyewe, na rafiki yake Ahuzathi na Fikoli mkuu wa jeshi. Na Isaka hakuwakimbilia na kuwakumbatia. Aliwauliza kwa nini wamemjia, ilhali walimchukia na kumfukuza kwao. Akasema kosa kwa jina lake, mbele ya mfalme na mkuu wa jeshi. Baba yake alifanya vivyo hivyo katika sura ya 21, alimlaumu Abimeleki kwa kisima kilichonyang'anywa kabla ya kula naye kiapo. Baada ya swali hilo, na baada ya kuwasikiliza, ndipo Isaka akawafanyia karamu. Wakala, wakanywa, wakalala. Asubuhi na mapema wakaapiana.

Shemeji yangu alikuja katikati ya Januari, jioni, na mkewe na mzee mmoja wa ukoo. Mkononi ana jani la sale. Kwetu sale ndiyo mpaka wa kihamba, na sale hiyo hiyo ndiyo anayoibeba mkosaji anapokuja kuomba radhi, na kwa mila ukiletewa huwezi kuikataa. Nimewaza mara nyingi jinsi mmea mmoja unavyobeba yote mawili, huku kwako huku kwangu, na tafadhali nisamehe.

Sikuipokea papo hapo. Nilimwambia, "Shemeji, kaa. Kwanza nisikilize." Nikamwambia yote. Vile vigogo na utomvu wake. Miche. Maneno kwamba zamu ilikuwa ya kaka yake. Nikamwambia kwamba siku ile alinizika mara ya pili na mume wangu. Mzee alitaka kunikatiza, mama mkwe akamwinulia mkono. Shemeji hakujitetea. Alisema aliogopa migomba yake isife, na kwamba alidhani nitauza nirudi kwetu. Ndipo nikapokea sale, nikaingia jikoni. Nilipika mtori wa ndizi mshare na nyama niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya Jumapili, tukala kwenye sufuria moja kwa mwanga wa taa ndogo kwa kuwa umeme ulikatika.

Hapa Old Moshi alifanya kazi mmisionari wa misioni ya Leipzig ya Ujerumani, Mchungaji Bruno Gutmann, aliyeondoka mwaka 1938, na aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amemfungia binadamu, visikatwe kwa sababu mtu amebatizwa. Nakubaliana naye, ila naongeza kwamba kifungo kikikaza mpaka kinakata ngozi, lazima mtu aseme kinakata. Isaka alisema. Na wale waliofundishwa kunyamaza kwa jina la Isaka, naomba wafungue mstari wa 27 wausome kwa sauti.

Nisiwafiche, mke wa shemeji bado hanisalimii sawasawa. Tukikutana Kiboriloni sokoni anapitia upande wa pili wa meza za vitunguu. Namwombea, na nimemwachia muda wake. Lakini zamu ya Jumanne imerudi, sasa napata maji kwa njia mbili, na ule mfongo wa babu umeshaombwa na majirani watatu wa chini, nao wameingia kwenye zamu.

Siku ile ile Abimeleki alipoondoka kwa amani, watumishi wa Isaka walimjia na habari ya kisima kingine walichokuwa wanachimba, wakamwambia, "Tumeona maji." Mimi Jumanne, bado giza, nasikia jembe likigonga mawe kule juu, kisha sauti ya mwanamume ikishuka kati ya migomba: "Shemeji! Amka, yanakuja!" Na mama mkwe, kutoka chumbani kwake, anamwitikia kabla yangu.