Maswali na Majibu: Kijiji Kilichogawanywa na Kijito

Toleo lililopita nilieleza kwa ufupi habari za Mödlareuth, kijiji cha Kijerumani chenye wakazi wapatao hamsini tu, kilichoko kwenye mpaka wa majimbo ya Bavaria na Thuringia, ambacho kwa miaka 23 kilipitiwa katikati na ukuta wa zege. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotazamia. Nimechagua chache.

Mwalimu, ukuta wa Berlin ulikuwa na urefu gani hata ukafika kwenye kijiji hicho? (Msomaji, Morogoro)

Haukufika. Barua zenye kosa hili ni nyingi mno, na wengi wa walioziandika wanasema wamesoma makala yangu, jambo ambalo naanza kulitilia shaka. Jiji la Berlin lilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, na ukuta ulioanza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 uliizunguka Berlin Magharibi peke yake, kama boma linavyozunguka zizi. Mpaka baina ya Ujerumani mbili ulikuwa jambo jingine kabisa: ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 1,400, kuanzia Bahari ya Baltiki hadi Chekoslovakia, na sehemu yake kubwa haikuwa na ukuta bali uzio wa chuma. Mödlareuth ni miongoni mwa sehemu chache za mpaka huo zilizowekwa zege, kwa kuwa nyumba za pande mbili zilitazamana kwa karibu sana, na uzio wa wavu ungewaacha majirani waendelee kuonana. Askari wa Kimarekani ndio waliokiita kijiji hicho «Berlin Ndogo», na nadhani jina hilo ndilo linalowapoteza watu. Atakayeniandikia tena kuhusu jambo hili afungue ramani kwanza.

Jina la kijiji linatamkwaje?

«Medlaroit», kwa makadirio ya karibu.

Ni Wamarekani au ni Warusi waliokikata kijiji vipande viwili? (Msomaji, Mombasa)

Si hawa wala si wale, na nimefurahi kuulizwa, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kila mpaka mbaya ulichorwa na wakubwa waliokaa mezani na rula. Mpaka wa Mödlareuth unafuata kijito kiitwacho Tannbach, chembamba kiasi kwamba kijana akipata nafasi ya kukimbilia anakiruka bila kulowa. Mwaka 1810 yalisimikwa mawe ya mpaka yaliyochongwa herufi KB kwa Ufalme wa Bavaria na FR kwa himaya ya mwanamfalme wa Reuss, upande ambao leo ni Thuringia. Tangu hapo wanakijiji walikuwa raia wa tawala mbili, lakini maisha yao yalibaki mamoja. Shule ilikuwa upande wa Thuringia, na watoto wote walisoma humo. Kilabu cha pombe nacho kilikuwa upande huohuo, na wazee wa Bavaria walivuka kwenda kunywa na kurudi usiku bila kuulizwa na mtu. Jumapili safari iligeuka, wa Thuringia wakavuka kwenda kusali katika kanisa la Töpen, Bavaria.

Mwaka 1945 washindi wa vita walipogawana Ujerumani, walichukua mipaka ya majimbo iliyokuwapo: Bavaria ikawa chini ya Wamarekani, Thuringia chini ya Wasovieti. Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili, Ujerumani Magharibi upande wa Bavaria na Ujerumani Mashariki upande wa Thuringia, na kijito kile kikawa mpaka wa kimataifa. Hata hivyo watu waliendelea kuvuka kwa vibali kwa muda. Ninalosisitiza, na nimelisisitiza mara nyingi katika safu hii, ni kwamba mstari ulikuwapo pale zaidi ya karne nzima bila kumdhuru mtu, na kilichougeuza kuwa mtego ni amri zilizotolewa mwaka 1952, ambazo zina tarehe, sahihi na ofisi zilikotoka. Mwandishi anayesema «mpaka uliwatenganisha» bila kutaja aliyetoa amri anamfichia mtu.

Tueleze wa upande wa mashariki waliishi vipi. Nasikia hatimaye walizoea. (Msomaji, Arusha)

Neno «walizoea» hulisikia kwa watu ambao hawakuwapo. Mwishoni mwa Mei 1952 serikali ya Ujerumani Mashariki ilitangaza ukanda wa marufuku wenye upana wa kilomita tano kandokando ya mpaka wote. Ndani yake kulikuwa na ukanda wa mita 500 wenye masharti makali zaidi, na mpakani kabisa kipande cha mita kumi kilicholimwa na kulainishwa kwa haro, kikaachwa bila kupandwa chochote, ili kila anayepita aache nyayo. Mkulima yeyote ataelewa uchungu wa kuona ardhi nzuri ikilimwa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya kutega nyayo za jirani yake.

Mödlareuth yote ya mashariki ilikuwa ndani ya ule ukanda wa mita 500. Familia zilizotiliwa shaka ziling'olewa na kupelekwa ndani ya nchi. Mkazi hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali, na ndugu aliyetaka kuja hata kwenye mazishi alihitaji kuombewa ruhusa. Ulianza uzio wa mbao, ukaja wa seng'enge, na mwaka 1966 ukasimamishwa ukuta wenye kimo cha mita 3.3 na urefu wa mita 700, nyuma yake taa, mbwa na mnara wa ulinzi.

Jambo dogo linalonisumbua kuliko hayo yote ni salamu. Upande wa magharibi watu walikuja kwa mabasi kutazama, wakasimama juu ya kilima na kupunga mikono. Wa mashariki walikatazwa kujibu. Mama anayeanika nguo uani, akiona ng'ambo mtu aliyesoma naye darasa moja akimpungia, alipaswa kuinama na kuendelea na nguo zake.

Kuna aliyewahi kuuruka ukuta huo?

Mmoja alifaulu, mwezi Mei 1973, kwa kutumia ngazi.

Mzee wangu, shikamoo. Wajerumani waliotujengea majumba ya Kikwajuni ndio haohao waliojenga ukuta huo? (Msomaji, Unguja)

Marahaba. Serikali ni ileile, naam. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema mwaka 1964, mara baada ya Mapinduzi, na wataalamu wake wakaja kujenga nyumba za Kikwajuni, na baadaye kusanifu majumba marefu ya Michenzani. Ujerumani Magharibi ilichukia, na baada ya Muungano iliibana Tanganyika na Zanzibar zote mbili, hata mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi; Mwalimu Nyerere naye akakataa kushurutishwa. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo zege ya serikali hiyo ilikuwa ikiwapa watu wa Unguja vyoo vya ndani na maji ya bomba, zege yake nyingine ilikuwa ikifunga dirisha la mwanakijiji wa Mödlareuth. Wapo wanaonitaka nichague moja kati ya habari hizo mbili, wakidhani kuitaja ya pili ni kukosa shukrani. Sitachagua. Mtu anaweza kumshukuru fundi aliyemjengea nyumba na bado akataka kujua aliwatendea nini watu wa kwake.

Ukuta ulivunjwa lini, na kwa nini hadi leo hawajaunganisha kijiji?

Njia ya waenda kwa miguu ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1989, mwezi mmoja kamili baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, na tarehe 17 Juni 1990 tingatinga likaanza kuuangusha ukuta. Kuhusu kuunganisha, muulizaji anachanganya nchi na jimbo. Ujerumani ni moja tangu tarehe 3 Oktoba 1990, lakini Bavaria na Thuringia ni majimbo tofauti, kama yalivyokuwa wakati mawe yale yanasimikwa. Ndiyo maana kijiji kina mameya wawili, mmoja wa Töpen, Bavaria, na mwingine wa Gefell, Thuringia, misimbo miwili ya posta, 95183 na 07926, na magari yenye namba za HO (wilaya ya Hof) upande mmoja na SOK (wilaya ya Saale-Orla) upande wa pili. Upande wa Bavaria watakusalimu «Grüß Gott», ng'ambo «Guten Tag». Hayo hayamuumizi mtu, na anayeyaona kama jeraha lisilopona anatafuta msiba usiokuwapo.

Naweza kununua shamba huko?

Safu hii si ya dalali.

Nasoma Munich na nina Jumamosi moja. Inatosha? Kuna nini cha kuona? (Msomaji, Ujerumani)

Inatosha, ukiondoka alfajiri. Panda treni hadi mji wa Hof, kisha tafuta mwenye gari, kwa sababu mabasi ya vijijini mwishoni mwa wiki si ya kutegemea. Vaa koti zito. Wenyeji wenyewe huiita sehemu hiyo Siberia ya Bavaria, na hawatanii. Pana makumbusho ya wazi yenye kipande cha ukuta halisi cha mita mia hivi, uzio wa chuma, mnara wa ulinzi na magari ya askari wa pande zote mbili. Wengi huupiga picha ukuta wakaondoka. Wewe utembee polepole kandokando ya Tannbach hadi uyaone mawe ya zamani ya mpaka, kisha usimame hapo upime kwa macho umbali wa nyumba ya upande mmoja na ya pili. Na tafadhali usipande juu ya ukuta kwa ajili ya picha, wala usipite kwenye nyua za watu kana kwamba nao ni sehemu ya maonyesho: hao wametazamwa na wageni tangu mwaka 1952.