Paka Hampendi Kobe Wako, Anapenda Taa Yake

Jumapili natoka kanisani nikakuta ujumbe kwenye simu, umetoka kwa dada mmoja wa Nzuguni, hapa hapa Dodoma. Ametuma picha. Paka wa rangi ya chungwa amejilaza, mkono mmoja ameuweka juu ya gamba la kobe mdogo, mdogo kweli, saizi ya kitumbua. Chini ameandika: "Dada, wangu wanapendana hivi, wanalala pamoja. Kuna ubaya?" Akamalizia na makopa matatu mekundu.

Niliikodolea macho ile picha mpaka wali ukaungua. Siku ile sikumjibu, na anisamehe, haikuwa dharau. Picha kama ile ninayo kwenye simu yangu ya zamani. Niliiweka stetasi nikaandika "marafiki wa kweli", watu wakacheka, wakasifu. Siku chache baadaye nilikuwa nachimba shimo chini ya mpapai.

Kwa hiyo jibu lake nalitoa hapa, maana najua hayuko peke yake. Wengi wetu tunataka kobe anayezunguka uani kama baba mwenye nyumba, na paka hatuwezi kumwacha. Panya wa Dodoma mnawajua, ukiweka gunia la uwele stoo leo, kesho wameshafanya sherehe.

Kabla ya yote, kibali. Kobe ni mnyamapori, na kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumwokota barabarani ukamwita wako. Huyu bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba huku kwetu kanda ya kati ndiyo kabisa, yuko hatarini kutoweka na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imebanwa kwa kiwango cha juu kabisa. Mwache kwenye jiwe lake. Nenda ofisi ya wanyamapori, uliza, lipa, weka karatasi kwenye faili. Hilo limeisha.

Sisi tulihamia Dodoma 2018, ofisi za serikali zilipokuwa zinahama. Tukapanga nyumba Ipagala, yenye uwa mpana na vumbi la kutosha wilaya mbili. Paka ndiye aliyetangulia, Sukari, wa kijivu, mpole ukimtazama. Kobe nilipewa mwaka uliofuata na mzee mmoja upande wa Mpunguzi, mwenye kibali chake, ambaye kobe wake walikuwa wameongezeka. Alikuwa wa aina ile ya madoa, gamba la njano lenye mabaka meusi, wale ambao wakikomaa wanaweza kupita kilo kumi. Wakati ule alienea kwenye kiganja. Nikamwita Mbunge. Si mnajua, kobe akiinama anatunga sheria, na sheria zinatungwa wapi kama si Dodoma?

Ikaja Juni. Ndugu zangu wa Dar mnafikiri Dodoma ni jua tu. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unalala na soksi. Kobe hana joto lake mwenyewe, anaazima la jua, la jiwe, la chochote. Akipoa sana hali, hatembei, na mdogo anaweza kuugua mafua yanayoshuka mpaka kifuani. Mimi nilikuwa nimesoma hayo yote na nilijiona mtaalamu. Nikachukua katoni kubwa, nikamwaga mchanga laini uliobaki kwa jirani aliyekuwa anajenga, nikaning'iniza balbu, nikafunika juu kwa wavu wa kuku. Kwenye kona nne nikaweka mawe manne. Nikaita mume wangu aje aone.

Usiku ule ule Sukari akapanda, akajikunja juu ya wavu, pale pale taa inapotupa joto. Akalala kama amelipa kodi. Chini yake Mbunge amelala. Hapo ndipo nilipopiga ile picha.

Mnaona kosa? Mimi sikuliona. Nililala usiku tatu nikijua nina paka mwenye upendo.

Usiku wa nne nikasikia katoni inakwaruza. Nilipowasha taa ya sebuleni, wavu ulikuwa umebonyea katikati kama machela, jiwe moja liko sakafuni, Sukari yuko ndani ya katoni, amekaa na mkia unacheza ncha tu. Mbunge alikuwa amegeuzwa chali, miguu inapiga hewa. Nikampindua, nikamfuta mchanga, nikaona mzima. Nikashukuru Mungu, nikarudi kulala.

Asubuhi ndiyo nikaona. Nyuma, pale mguu unapoingilia kwenye gamba, kulikuwa na vitundu viwili, vidogo kama umechoma na sindano ya cherehani. Damu hakuna.

Hapa bado panauma, nitasema tu. Nilimpeleka duka moja la dawa za mifugo, kijana pale akamgeuza kama anachagua embe, akacheka, akaniambia, "Mama, huyu ana gamba, huyu hafi leo wala kesho." Akaniuzia dawa ya bluu ya kupuliza, ile ya ng'ombe. Nikapuliza. Siku ya tatu mguu ukavimba, ukaanza kutoa harufu ambayo mpaka leo nikiipata mahali nageuka. Siku ya sita, asubuhi, shingo ilikuwa nje, imelegea. Shemeji yangu alikuwepo, akasema, "Ni kobe tu, shemeji." Sijamwambia kitu mpaka leo, ila chai siku ile alijimiminia mwenyewe.

Nilichokuja kujua nimechelewa ni kwamba mdomo wa paka una vimelea vinavyopenda tundu dogo lililojifunga haraka. Nje pamekauka, ndani kunaoza. Kwa hiyo ukiona alama ya jino, hata moja, hata isiyotoa damu, osha kwa maji safi ya uvuguvugu na umpeleke kwa daktari wa mifugo mwenyewe, siku hiyo hiyo. Uwe unaenda kwa daktari, si kwa anayeuza kaunta. Huenda akahitaji sindano za antibiotiki, na hizo hazingojei wiki ijayo.

Na hili la gamba jamani tuliache. Watu wanakwenda Zanzibar, kisiwa cha Changuu, wanapiga picha na wale majitu ambao ukoo wao uliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, wanarudi bara wanaamini kila kobe ni kifaru cha jeshi. Gamba la kobe ni mwili. Mbavu zake na uti wa mgongo vimeungana nalo, lina damu, lina hisia, ukimkuna anajua. La mtoto bado ni laini, jino la paka linapita. Na hata kwa mkubwa, kichwa, macho na miguu havijavaa gamba.

Sukari sikumfukuza. Wapo waliotaka nimfukuze, mama mkwe akiwa wa kwanza. Lakini Sukari alifanya kosa gani? Nilimtandikia kitanda chenye joto usiku wa baridi, nikaweka na kitu kinachojongea chini yake. Angelala wapi?

Ndipo nikaelewa jambo moja, na ndilo nataka dada wa Nzuguni alishike hata akisahau mengine yote. Kila unachomwekea kobe ili astarehe, paka naye anakitaka. Joto anataka. Mchanga laini anautaka, tena kwa shughuli tutakayoifikia. Harufu ya chakula anaifuata. Banda la kobe usilijenge ukimfikiria kobe, yeye hata ukimpa boksi la viatu hatalalamika. Lijenge ukimfikiria paka.

Mwaka 2020 mzee wa Mpunguzi akanipa wa pili, baada ya kunihoji kama napeleka posa. Huyu nikamwita Viti Maalumu, kwa kuwa nilijipa moyo ni jike. Jinsia ya kobe mchanga haijulikani kirahisi, unasubiri miaka mpaka mkia useme, na wake siku hizi umeanza kurefuka kwa namna inayonitia mashaka. Jina halibadiliki.

Msidhani nilipatia mara moja. Kwa woga wa paka, Oktoba ile nilimweka mchana kwenye beseni la plastiki uani, nikafunika na chekecheo la mchanga, nikaenda genge kununua nyanya. Maongezi ya genge mnayajua. Niliporudi kivuli cha mwarobaini kilikuwa kimehama, beseni liko juani, Viti Maalumu anatoa povu mdomoni. Nilimtumbukiza miguu kwenye maji ya kawaida, kivulini, nikiwa nalia kwa sauti, jirani akadhani kuna msiba. Alipona. Lakini nilikaribia kumuua kwa kumlinda, na jua la Dodoma la Oktoba halina mzaha na plastiki.

Baada ya hapo nikaenda kwa fundi seremala Majengo. Alitengeneza sanduku la mbao, refu kama jeneza la mtoto (yeye ndiye aliyesema hivyo, sikupenda), lenye mfuniko wa fremu ya mbao na wavu wa chuma uliochomelewa, matundu madogo ambayo mkono wa paka haupiti. Mfuniko una bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili. Nilipolipima nililala juu yake mimi mwenyewe. Fundi alicheka, akaita wenzake. Nikamwambia kama unanibeba mimi, Sukari ni nani?

Taa ipo upande mmoja tu, ili kobe akichoka na joto ahamie kwenye baridi, na imeshikwa na waya wa chuma, haigusi mbao. Tena pembeni ya sanduku nikamwekea Sukari katoni yake yenye blanketi kuukuu. Wiki ya kwanza aliinunia. Usiku mmoja wa Julai nikamkuta humo, akiwa ameegemeza mgongo kwenye ubao wa sanduku, upande ule wa taa. Joto anapata, kobe hamwoni. Hiyo ndiyo ndoa inayowezekana kati ya hawa wawili.

Mchana Viti Maalumu anatoka, ila na mimi nikiwepo. Kuwepo ni kukaa na macho, simu iko ndani. Sukari anafungiwa chumbani. Hata paka wako awe mpole vipi, kuna wa jirani anayepita juu ya ukuta, na kuna kunguru, wale weusi wenye shingo nyeupe, nao wanadonoa macho.

Sasa ile shughuli ya mchanga. Paka akiona mchanga laini anaona choo. Na kobe, mniwie radhi mnaokula, akikuta kinyesi anakionja. Nimemkuta Viti Maalumu anatafuna cha Sukari kwa utulivu wa mtu aliye hotelini. Vimelea vinaweza kuhamia hapo hapo. Mpe paka karai lake la mchanga mbali na uwa wa kobe, mpe dawa ya minyoo kwa wakati, na ukiokota kinyesi nawa mikono. Ukimshika kobe vilevile nawa, hasa watoto, kwa sababu kobe naye anaweza kubeba vimelea vya tumbo bila kuumwa.

Sahani ya paka iweke juu, kwenye ukuta au meza. Paka ataruka, kobe hawezi. Dagaa na kobe ni mbali na mbali, nyama inamharibu figo, ingawa ukimwachia atakula kwa haraka ambayo hujawahi kuiona kwake. Wangu anakula nyasi, dungusi niliyokwangua miiba, na majani ya mzabibu ambayo hayajapuliziwa dawa, na hayo mji huu hautunyimi.

Wiki iliyopita nimempima kwenye mizani ya muuza nyanya: kilo 1.3. Muuza nyanya aliniuliza kilo shilingi ngapi. Nilijivuna njia nzima mpaka nyumbani, sioni aibu kusema.

Nilimpigia yule dada jana usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mume wake hatatoa hela ya seremala kwa ajili ya kobe. Nikamuuliza kama ana kabati bovu lolote. Lipo, lina milango miwili. Nikamwambia usiku ule ule ang'oe mlango mmoja aulaze juu ya boksi, aache upenyo wa hewa usiozidi kidole, aweke juu yake gunia la mchele, na ile taa aizime mpaka kesho tupate wavu. Kobe amfunge kwenye kitambaa cha sufu, humo ndani ya boksi. Saa nne akatuma picha nyingine. Mlango wa kabati uko juu ya boksi, gunia la mchele liko juu ya mlango, na paka wa chungwa yuko juu ya gunia.