Kwa mnaoanza kukusanya takwimu za tezi dume Kanda ya Ziwa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye tafiti za tezi dume hapa Mwanza, wengi wenu mtapewa hojaji kabla ya kitu kingine chochote. Msiidharau. Uchambuzi wote utakaofuata unasimama juu ya majibu mtakayoandika pale mwaloni.

Hojaji ya dalili za mkojo inayotumika sana duniani ina maswali 7, kila moja alama 0 hadi 5. Jumla ikiwa 0 hadi 7 dalili ni nyepesi, 8 hadi 19 ni za wastani, 20 hadi 35 ni kali. Swali la mwisho linauliza mtu huamka mara ngapi usiku kwenda kukojoa. Sasa mpelekee swali hilo mvuvi wa dagaa wa Ukerewe. Atakwambia haamki, na anasema kweli: usiku yuko ziwani na taa, usingizi wake ni wa mchana. Ukiandika 0, umemfanya mgonjwa aonekane mzima. Muulize ukishalala, iwe usiku au mchana, unaamka mara ngapi? Ila usibadilishe maneno peke yako. Mweleze mtafiti mkuu mapema, ili wote mwulize kwa namna moja.

Wavuvi haohao wafuateni wakati wa mbalamwezi. Siku za giza wanavua usiku kucha, na asubuhi mtawakuta hoi, hawana subira ya fomu ya ridhaa. Na swali la nguvu za kiume msimwulize mzee mbele ya mkwewe. Tafuteni faragha, hata kama ni nyuma ya mtumbwi uliopandishwa nchi kavu.

Kwenye damu ya kipimo cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, utaratibu ni huu: damu itolewe kabla daktari hajapima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ulizeni kama karibuni amewekewa mpira wa mkojo au ameugua U.T.I., maana vyote hupandisha PSA. Ulizeni na dawa, tena mwombeni alete pakiti zake. Finasteride, dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi dume, ikitumika kwa miezi kadhaa hushusha PSA karibu nusu, kwa hiyo 3 ya anayeitumia si sawa na 3 ya asiyeitumia. Damu kwenye mkojo nayo msiitupie tezi dume moja kwa moja. Mbali na ziwa, kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga ya Usukumani kuna kichocho cha mkojo, ingawa mwambao wa ziwa unasumbuliwa zaidi na kile cha tumbo.

Wazee watawauliza: "Mjukuu wangu, hii ni kansa?" Kuvimba kwa tezi kusiko kwa saratani huanzia sehemu inayozunguka njia ya mkojo, na hakugeuki kuwa saratani, saratani nyingi huanzia sehemu ya nje ya tezi, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. PSA hupanda kwa lolote kati ya hayo. Kinachothibitisha ni kinyama kilichokatwa kwenye tezi na kusomwa kwa hadubini, si ninyi wala karatasi ya maabara. Msimtishe, msimhakikishie uzima.

Kabla utafiti haujaanza, someni bajeti. Kama inapima damu ya mzee wa kisiwa cha Ukara lakini haina nauli ya kumfikisha hospitali ya Bugando, Mwanza, majibu yakiwa mabaya, lisemeni hilo kikaoni siku hiyohiyo.