Namba za NIDA zinaishia na sifuri tano, fundi anataka tununue kompyuta mpya

SWALI: Habari kaka. Mimi ni katibu wa saccos moja hapa Morogoro, tuna wanachama kama 2,300. Taarifa zote ziko kwenye faili moja la Excel tangu 2014, kila mwezi na shiti yake. Siku hizi ukilifungua faili unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bado linazunguka, mtu mmoja anatokea mara tatu, na namba za NIDA karibu zote zinaishia na 00000. Fundi mmoja katuambia tununue kompyuta yenye RAM kubwa halafu atufungie sistimu yake. Mwingine kasema tufute miaka ya nyuma faili liwe jepesi. Tumsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, msimsikilize hata mmoja. Na huyo wa kufuta msimwache peke yake na hiyo laptopu, nakuomba kabisa, maana akiba ya mtu ya 2015 ni deni lenu mpaka leo, ukishaifuta utamjibu nini akija na kitabu chake mkononi?

Nianze na NIDA kwa sababu ndo habari mbaya. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel ikiona tarakimu tupu inajua ni hesabu, na kwenye hesabu inashika tarakimu 15 tu, zinazofuata baada ya hapo hazibaki zilivyoandikwa, inaweka sifuri. Kwa hiyo zile tano za mwisho hazijajificha mahali, zimekufa siku ileile mtu alipobonyeza Enter. Ukibadilisha sasa hivi kisanduku kiwe cha maandishi utapata maandishi yenye sifuri tano, basi. Ndo ugonjwa uleule unaokula sifuri ya mbele ya namba ya simu, 0754 inakuwa 754. Sheria yangu ni moja: namba ambayo hutakaa uijumlishe na nyingine, iandike kama maandishi tangu mwanzo. Na msijione mko peke yenu, wataalamu wa jeni duniani ilibidi 2020 wabadilishe majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kwa kuwa Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe. Mwaka huohuo huko England wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani lilijaa, lile mwisho wake ni mistari 65,536, na zilizozidi zikaachwa nje kimyakimya.

Sasa suala la RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta, hapa ndo naanza kupandwa na presha kidogo maana nalisikia kila wiki. Mtu ana shiti zaidi ya mia, kila shiti ina fomula inayoenda kutafuta jina kwenye shiti nyingine, na fomula ya namna hiyo kimsingi inasoma orodha kuanzia juu kushuka mpaka ikute. Watu 2,300, kila mmoja anatafutwa kwenye orodha ya 2,300, zidisha mwenyewe, ikienda vibaya ni karibu milioni 5 na laki 3 za kulinganisha, na hiyo ni shiti moja tu. Utanunua kompyuta mpya itakimbia miezi sita halafu mnarudi palepale, fundi kashakula hela yake.

Dawa ya kutafuta ni indeksi, na wewe unaitumia kila ukifungua kamusi. Ukitaka maana ya "wanachekeshana" huanzi ukurasa wa kwanza, unajua uende kwenye C utafute "cheka", unafungua katikati, umepitiliza, unarudi nyuma, umefika. Orodha iliyopangwa ukiwa unaigawa nusu kwa nusu hivyo, mtu kati ya 2,300 unampata kwa hatua 12 hivi, na kati ya milioni moja ni kama 20. Kanzidata yoyote ya maana, yaani programu ya kutunza na kutafuta taarifa, inakufanyia hivyo, tena kwa njia fupi zaidi, iko toka miaka ya sabini. Ila haiji bure, kila ukiingiza mstari mpya indeksi nayo lazima isahihishwe, kwa hiyo yule fundi anayeweka indeksi kila safu naye anabahatisha tu.

Lakini angalia, kamusi inafanya kazi kwa sababu waandishi walikubaliana neno liwekwe chini ya shina lake. Nyie mmekubaliana nini? Mohamed, Mohammed, Muhamad, Moh'd, wote wanne ni mzee mmoja, kompyuta inaona watu wanne. Ndo maana mtu anatokea mara tatu. Jina halifai kuwa kitambulisho, simu nayo haifai (watu wanabadilisha laini, na mama na mwanae wanatumia moja). Mpeni kila mtu namba ya uanachama, isibadilike hata akiolewa, na akiondoka asipewe mwingine.

Kinachonikera kuliko vyote ni hiki: watu wanadhani kupanga taarifa ni kuipamba machoni. Shiti ya Januari, shiti ya Februari, visanduku vimeunganishwa kichwa kikae katikati, rangi nyekundu kwa wadaiwa sugu. Inapendeza ukiprinti. Haya niulizie Mama Asha ameweka shilingi ngapi tangu 2017? Unaanza kufungua shiti moja moja kwa mkono. Mwezi usiwe shiti, tarehe iwe safu ndani ya jedwali moja. Na hizo rangi, niliwahi kuletewa faili ambalo njano kwa karani wa kwanza ilikuwa "marehemu" na kwa aliyempokea ikawa "amemaliza mkopo". Walikuwa wanampigia marehemu simu kumpongeza.

Nyie mnahitaji majedwali matatu, siyo mia. La wanachama: namba, jina, NIDA, simu, mstari mmoja kwa mtu mmoja. La miamala: tarehe, namba ya mwanachama, kiasi, ameweka au katoa, nani kaandika. La mikopo. Jina la mtu likae mahali pamoja tu, akibadilisha simu unasahihisha sehemu moja na kote kumebadilika, hakuna kukumbuka shiti ya Machi. Na salio msiliandike kwa mkono, lijumlishwe kutoka kwenye miamala, maana salio likiandikwa pembeni siku moja litapingana na miamala na hutajua lipi linasema kweli. Mambo haya si mapya jamani, mtaalamu mmoja, Edgar Codd, alipokuwa kampuni ya kompyuta ya IBM aliyaandika 1970, anayetafuta taarifa asilazimike kujua imekaa kona gani ya mashine. Miaka yote hiyo na bado kuna mtu anauza shiti za rangi anaziita sistimu!

Kuhusu sistimu ya huyo fundi, simjui, labda ni mzuri. Muulizeni tu: tukiachana leo, sisi wenyewe tunaweza kutoa data zetu zote bila kukupigia? Bakapu, yaani nakala ya akiba, iko wapi na lini mara ya mwisho uliirudisha ukaona inafunguka? Na umeme ukikatika katikati, hela imeshatoka kwenye akiba ya mtu ila haijaingia kwenye mkopo wake, inakuwaje? Jibu sahihi la hilo la mwisho ni kwamba muamala unaingia wote au hauingii kabisa. Akianza kukuambia "nunueni tu UPS", yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, muageni kwa heshima. Programu zenyewe za kanzidata ni za bure, PostgreSQL bure, SQLite bure, hiyo SQLite imo ndani ya simu yako ya Android sasa hivi inatunza mambo yako na hujawahi hata kuisikia. Unachomlipa mtu ni kichwa chake, kwa hiyo hakikisha anacho.

Na siku hizi wamezuka wengine wa "mwaga tu mafaili yote, akili mnemba itapanga yenyewe". Shule, zahanati, vikundi vya kina mama, wote wanauziwa hii. Akili mnemba itakusaidia kukisia kwamba Moh'd na Muhamad huenda ni mtu mmoja, sawa, lakini atakayethibitisha ni mtu anayewafahamu, na zile tarakimu tano za NIDA haiwezi kuzijua, itazitunga, tena kwa kujiamini. Tarakimu za kutungwa ni mbaya kuliko sifuri, sifuri angalau zinaonekana. Na hao hao ndo wanakwambia bakapu ni fleshi iliyochomekwa kwenye laptopu ileile, mwizi akija anabeba vyote kwa safari moja.

Kwa hiyo leo, kabla hamjagusa kitu, pigeni kopi mbili za faili kama lilivyo, moja itoke nje ya ofisi, muwekee neno la siri maana mna vitambulisho vya watu humo. Halafu fungueni kabati la fomu za karatasi, huko ndo NIDA zenu ziliko, watu wawili, mmoja anasoma mwingine anaandika, fomu mia kwa siku mtamaliza ndani ya mwezi. Na kama yupo karani aliyekuwa anaandika NIDA kwa dashi kama ilivyo kwenye kitambulisho, mnunulieni soda, za kwake zote zimepona.