Kupimwa miwani si kupimwa presha ya macho

Baba alipoanza kujigonga kwenye mlango, kila mara upande wa kushoto, sote nyumbani tulisema ni mtoto wa jicho. Tukasubiri uive, kama wazee wanavyosema. Kumbe ilikuwa glakoma, hii tunayoiita presha ya macho, na tulipofika kwa daktari jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. Mtoto wa jicho akitolewa, mtu huona tena. Glakoma ikishaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, hakuna dawa wala upasuaji wa kuurudisha.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka mmoja kabla baba alikuwa amepimwa. Alisomeshwa herufi ukutani, akapewa miwani ya kusomea, akaambiwa yuko sawa. Lakini herufi hupima uoni wa katikati. Glakoma mara nyingi huanza kula pembeni, polepole, bila maumivu, na jicho moja hufidia pengo la mwenzake.

Kwa hiyo ukienda, sema mwenyewe: "Naomba nipimwe presha ya macho, na uniangalie mshipa wa nyuma ya jicho." Usiridhike na la kwanza peke yake. Presha ya kawaida ya jicho ni kati ya 10 na 21 (kwa kipimo cha mmHg), ila wapo wenye 16 na mshipa unakufa. Wala usiichanganye na presha ya damu. Jirani yangu alijiona salama kwa sababu ile ya mkononi husoma vizuri.

Usikate tamaa kwa kudhani lazima ufike hospitali kubwa ya KCMC Moshi au Dar es Salaam. Mshipa huo huonekana kwa kifaa kidogo cha mkononi, oftalmoskopu. Ipo hata aina iitwayo Arclight, inayoingia mfukoni na kuchajiwa kwa jua. Mimi nilipimwa kwenye kambi ya macho, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia: matone ya kupanua mboni, kusubiri kidogo, kisha dakika chache tu za kuangaliwa. (Matone yale hutia ukungu kwa saa kadhaa, usiende na pikipiki.)

Daktari wa baba alituuliza, "Mzee ana ndugu wangapi? Na watoto?" Glakoma hutembea kwenye ukoo. Wala si ugonjwa adimu: utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta zaidi ya watu 4 kati ya 100 wenye miaka 40 na kuendelea wanayo. Shangazi aligunduliwa mapema kwa swali lile.

Akikutwa nayo mgonjwa wako, ulizia pia leza, tiba ya mwanga maalumu, maana matone ya kushusha presha ni ya kila siku, maisha yote, na yanakula fedha. Jaribio la KCMC lililochapishwa 2021 lilionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kudhibiti presha kwa macho 61 kati ya 100, matone ya timolol kwa 31. Mwenye pumu aseme kabla ya kuandikiwa timolol.

Mdogo wangu wa Morogoro bado anasema macho yake hayana shida. Jumamosi namfuata.